Mchango wa Kubonyeza

Blogu yangu ilikuwa na malengo manne, nimeyapanga upande wa kulia, pale ambapo wenzangu waliweka picha zao wakiwa wamevaa miwani ya jua. La kwanza: kutomwomba mtu yeyote kitu chochote. La pili: kutomfokea mteja. La tatu: maneno matano mapya ya Kiingereza kila siku. La nne: kumwezekea mama bati kabla ya mvua. Kila Jumatatu niliandika wiki ilivyokwenda, na mbele ya kila lengo nikaweka vema au kosa, kama mwalimu anavyosahihisha madaftari.

Lengo la kwanza lilipata vema wiki zote. La pili lilipata kosa wiki zote, na hilo ndilo lililoniletea wasomaji. Nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Singida Mjini, na kazi ile inataka mtu mpole. Mimi si mpole. Mtu anakuletea barua ya kuomba kazi ameiandika kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi, mafuta yamekula nusu ya maneno, halafu anakwambia, "Dada, we irekebishe tu, unajua wanavyotaka." Najuaje wanavyotaka? Nilimpa za uso, akaondoka amenuna, bosi akanikata jicho, na Jumatatu nikayaandika yote. Watu wa Dar, wa Mwanza, na wengine walioko Ulaya ambao sijawahi kuwaona, wakawa wananiuliza wiki hii nimemfokea nani.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshazoeleka, kila ukuta wa mjini umepakwa rangi za kampuni za simu, lakini intaneti bado unaifuata kafe na kuilipia kwa nusu saa. Nikasikia kuna kampuni ya nje inayoweka matangazo kwenye blogu na kumlipa mwenye blogu. Kampuni ile haikujua Kiswahili, kwa hiyo kila andiko nililitangulizia aya mbili za Kiingereza changu cha maneno matano kwa siku, ili mashine yao ielewe nazungumzia nini. Haikuelewa vizuri. Nikiandika habari za kuku, kando linatokea tangazo la chakula cha paka. Lakini senti zilikuwa zinaingia, kidogo kidogo. Masharti yao ni kwamba hundi haitumwi mpaka zifike dola mia moja, na mwezi wa kumi na moja tangu nianze zilikuwa zimebaki dola sita.

Mama alikuwa kijijini Mungaa, kwenye tembe aliyojengewa na baba. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa, nalo la udongo, limelazwa juu ya miti. Ina raha zake. Jua likiwaka ndani kuna baridi, na juu yake unaanika mtama bila kuwaogopa mbuzi. Lakini paa lile linataka udongo mpya kila mwaka kabla ya mvua. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa anapanda mwenyewe na ndoo, na magoti yake yale yanayomuuma. Mvua za mwaka uliotangulia alihamisha kitanda mara tatu. Mara ya tatu kona ya paa ilishuka palepale kilipokuwa kitanda asubuhi ya siku hiyo. Aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi mjini, nikaongeza lengo la nne, nikaanza kununua mbao moja moja. Bati ndizo zilizokuwa zinaisubiri ile hundi.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliishi palepale mjini. Alikuwa mwenyekiti wa kila kamati unayoijua: harusi, msiba, kipaimara, sare za kwaya. Akikushika kwa mchango, huchomoki. Jumapili moja nilikuwa kwake tunachambua mchicha, akaniuliza hiyo kompyuta ninayoshinda nayo inanilipa nini. Nikamwambia kuna matangazo, na watu wakiyabonyeza napata kitu kidogo.

"Kwa hiyo mtu akibonyeza, wewe unapata?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na akibonyeza mara mbili?"

"Shangazi, hayo ni mambo marefu," nikasema, nikaendelea na mchicha. Uvivu wangu huo. Nilijua kabisa kuwa kampuni inakataza kubonyezeana kwa makusudi, nimeyasoma masharti yao na kamusi mkononi, lakini nikaona nitamweleza nini mama mtu mzima habari za mashine. Nilimwambia tu zimebaki dola sita. Za nini, sikumwambia. Kumwambia za nini kungekuwa ni kuomba, na kuomba nilishajipiga marufuku.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kazini, sijui hili wala lile. Mama mwenye kafe ndiye aliyekuja kunisimulia baadaye. Anasema waliingia wanawake kumi na tisa wa kwaya, wamevaa sare zao za kitenge, kila mmoja amejilipia nusu saa yake. Walifungua kwa sala. Kisha wakakaa wawili wawili kwenye kila kompyuta, shangazi akizunguka na daftari na kubonyeza kila anapopita, wakaanza kazi. Walibonyeza viatu vya baridi, wakabonyeza bima za magari, wakabonyeza dawa ya kuotesha nywele. Mmoja alitokewa na maandishi kwamba ameshinda zawadi, akaogopa, akainuka akakataa kukaa tena.

Jumatatu nilikwenda kafe kuandika habari za wiki, nikakuta barua pepe. Akaunti yangu imefungwa. Kumeonekana ubonyezaji usio halali, na fedha zote zimerudishwa kwa wenye matangazo. Niliisoma mara tatu, nikidhani Kiingereza ndicho kinanidanganya. Ndipo mama mwenye kafe akanisimulia ya Jumamosi, nikaandika rufaa hapohapo. Niliwaeleza kwamba kwetu mtu akiwa na jambo watu humchangia, na kwamba hawa walinichangia vidole. Siku mbili baadaye walijibu kwa mstari mmoja kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Siku hiyo ya barua ya pili nilikwenda kwa shangazi nimefura. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na upepo wa Singida unanipiga mchanga usoni unanizidishia. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo kwa sauti ya mtu anayedai. Akaitikia marahaba, akanikalisha, akaingia chumbani, akatoka na daftari. Majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina idadi aliyobonyeza. Yeye mwenyewe alikuwa na mia moja na arobaini.

"Kidole kiliniuma hadi Jumatatu," akasema, na alikuwa amefurahi jamani, amefurahi kama mtoto. Maneno yote niliyoyapanga nikayaacha. Nikasema asante, nikaaga, nikaenda kulia barabarani kwa hasira. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Manyoni.

Jumamosi ya wiki ileile, saa nne asubuhi, steshenari imejaa watu, mlango ukazibwa na vitenge. Shangazi mbele, wanawake wanane nyuma yake.

"Tunakwenda kafe," akanitangazia. "Awamu ya pili. Hawa wanatoka kikundi cha kuweka na kukopa. Nimewaambia kila mmoja asipungue mia."

Nilikuwa na barua ya mteja nusu kwenye mashine. Niliinuka. "Shangazi, hakuna awamu ya pili. Akaunti wameifunga. Ninyi ndio mliosababisha ifungwe."

Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, kwa mkubwa wangu. Nikaendelea, maana nilishaanza. Nikamweleza kwamba wale watu wanaona kila kitu, kompyuta zilezile, siku ileile, watu wanabonyeza bila kununua hata kiberiti, na kwao huo ni wizi.

"Wizi," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Sisi ambao tulisali kabla ya kuanza."

Kisha akauliza, "Hizo hela zilikuwa za nini?"

"Zangu tu, shangazi."

"Nimekuuliza za nini."

"Za bati. Za mama."

"Yaani tumekaa pale tunabonyeza viatu vya baridi, kumbe shida ni bati?" Sauti yake ikabadilika. "Mke wa kaka yangu analala kwenye matone, na mimi nimo humuhumu mjini, najua kuchangisha watu wazima na akili zao, na wewe hukuniambia. Kwa nini?"

Sikuwa nimepanga kujibu. Nilimjibu. Nilimkumbusha mwaka niliochaguliwa kwenda sekondari, mama aliponileta kwake kuomba msaada wa ada. Tulifika mchana, tukasimama uani tusubiri kukaribishwa. Mumewe alikuwa sebuleni na wageni. Tulimsikia akisema, "Hao wa Mungaa wamekuja tena." Mama akageuka, akanishika mkono, akamwambia jirani aliyekuwa pale uani kwamba tulipita kusalimia tu. Njia nzima ya kurudi alizungumza habari za bei ya kuku. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijiapiza kwamba mimi sitamwomba mtu kitu.

Nilidhani atamtetea mumewe, ambaye naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hakumtetea.

"Nilikuwa jikoni," akasema. "Nilisikia. Nikaendelea kusonga ugali."

Hasira yangu ya wiki nzima, na ile ya miaka yote nyuma yake, ilikosa pa kushika. Shangazi akafungua daftari lake, akapita yale majina kumi na tisa na vidole vyao, akafika kwenye ukurasa mweupe. Akaninyooshea mkono nimpe kalamu. Nikampa. Hakuandika.

"Omba," akasema.

"Niombe nini, shangazi, si nimeshasema?"

"Umenijibu, hujaomba. Siandiki mpaka uombe."

Wanawake wanane wananitazama, bosi ananitazama, wateja wananitazama. Kisha nikasema, "Naomba mnisaidie bati za mama," na nilipomaliza nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya kuizoea mpaka akasahau kwamba ameibeba. Nikakaa chini nikacheka na kulia kwa pamoja. Wa kwanza akasema aandikiwe bati moja. Wa pili hana bati, ataleta misumari. Wa tatu ana majogoo mawili ya kuuza. Yule mwenye barua yake nusu kwenye mashine akainua mkono nyuma kabisa, akasema, "Niandikie bati moja, mama, ila huyu amalizie barua yangu kwanza."

Bati zilipatikana kabla ya wiki tatu. Yote niliyaandika kwenye blogu bila kuficha, hata kulia, na wasomaji wawili wa mbali wakatuma za kwao. Akajitokeza pia mwenye mashine ya kukamua alizeti hapa mjini, akataka mafuta yake yatangazwe pale palipobaki wazi kwenye blogu. Nilimuuliza kama anajua kwamba hakuna atakayebonyeza. Akasema yeye hataki kubonyezwa, anataka kuonekana. Huyo alinilipa mkononi kila mwezi, kwa miaka kadhaa, na sikuhitaji tena Kiingereza cha kumweleza mtu mimi ni nani.

Fundi alilivunja lile paa la udongo, akapandisha kuta kwa tofali, akapiga kenchi kwa zile mbao zangu, akaezeka. Mama alisimama uani anauliza mtama wake utaanikwa wapi sasa. Aliuliza kila siku mpaka fundi akawa anamkwepa.

Mvua ya kwanza ilikuja saa tisa alasiri, na nilikuwa huko. Kelele ya mvua kwenye bati kwa mtu aliyezoea tembe ni balaa, hamsikilizani hata mkikaa kigoda kwa kigoda. Mama alisema kitu, sikusikia. Akarudia, sikusikia. Mwishowe akaja akanisemea sikioni kwamba bati lina fujo, kwamba udongo ulikuwa na adabu zaidi. Lakini aliposema hivyo alikuwa amekikalia kitanda, na kitanda kilikuwa mahali pake.

Jumatatu nikaenda kafe. Lengo la nne nikaweka vema. Lengo la kwanza nikaweka kosa, la kwanza tangu nianze blogu. Shangazi alikuwa amekuja nami, anataka kusomewa alivyoandikwa. Nilimsomea mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kioo, palepale kwenye lile kosa, akauliza ni la nini. Nikamweleza. Kidole hakukiondoa.

"Hilo usilifute," akasema.

Sijalifuta.