Mwalimu Mfuniko na Hesabu za Kutoa

Wazazi wengi hawakulijua jina lake. Hata mimi niliyemwandalia chai miaka nenda miaka rudi, nililisikia mara moja tu, siku aliyoagwa, na kwa kuwa lilipita kwenye kipaza sauti kibovu sikulishika vizuri. Sisi tulimwita Mwalimu Mfuniko, naye aliitika bila kinyongo.

Alifundisha darasa la tatu. Alikuwa mrefu, mkavu, shati amelichomekea, kola imegeuzwa na fundi ili upande uliochakaa ukae ndani. Alitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua barabara mpya. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki, watoto wameolewa mbali, na yeye akapanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku aliposhikwa na homa nilimpelekea uji, ndipo nikakiona hicho chumba: kitanda kilichotandikwa kama cha hospitali, redio juu ya kigoda, na sufuria zake nne zilizopangwa kwa ukubwa. Hazikuwa na mfuniko hata mmoja. Ile iliyokuwa jikoni ilifunikwa kwa sahani. Nilimuuliza mifuniko iko wapi wakati jibu nalijua, akasema iko kazini.

Kibanda changu cha chai kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na shule. Wakati ule shule haikuwa na ukuta, ilikuwa na uzio wa miti tu, na dirisha la darasa la tatu lilinitazama. Ijumaa, kipindi cha mwisho, wateja wangu walikuwa wananyamaza wenyewe. Kwanza zilisikika meza zikiburutwa. Halafu kimya. Halafu ngaa! Mfuniko umegongwa kwa kijiko, na nusu ya darasa imepiga kelele kabla nusu nyingine haijajua kumetokea nini.

Ulikuwa mchezo wake wa kurudia hesabu za wiki nzima. Aligawa darasa safu nne, kila safu ikapewa mfuniko wake, umefungwa kamba na kuning'inizwa kwenye msumari. Mwalimu alisimama mbele akitaja hesabu kutoka kichwani: jumlisha hii na ile, gawanya hii kwa hawa, nusu ya saa ni dakika ngapi. Safu iliyowahi kugonga ndiyo iliyojibu, na aliyegonga ndiye mwenye kujibu, hakuna kunong'onezwa. Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Jibu litoke kabla mlio haujakata. Kwa hiyo kila mtu aliutaka ule mfuniko mkubwa wa alumini, ulioimba muda mrefu, na safu iliyopewa ule mdogo wa bati ililalamika wiki nzima, maana ule ulisema ta! ukanyamaza. Kila Ijumaa mifuniko ilizungushwa. Alikuwa mtu wa haki mpaka kukera.

Mwanangu wa mwisho alipofika darasa hilo nilifurahi. Nilijua atachangamka. Alikuwa mtoto wa maneno machache, wenzake wakamwita Kimya, na mimi nikajipa moyo kwamba mifuniko itamfungua kinywa. Badala yake, katikati ya muhula wa mwisho mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mama yule alikuwa na sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko kufokewa. Akaniambia kujumlisha mtoto anaweza, kuzidisha anajikongoja lakini anafika, ila hesabu za kutoa amepata mayai matupu, mtihani baada ya mtihani. Asipojirekebisha mpaka kufunga shule, atarudia darasa la tatu.

Mtu anaweza kusema kurudia darasa si kifo. Lakini mwanangu alikuwa tayari ndiye mrefu kuliko wote katika safu yake, na mimi nilikuwa nimewaona waliorudia: wanakaa nyuma, wanaitwa mama wa darasa, mwaka unaofuata hawaji tena. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, na ninajua jinsi mtu anavyoishia. Haachi shule siku moja. Anaanza kuchelewa, halafu anaumwa tumbo Jumatatu, halafu kuna maji ya kuteka.

Nikaanza kumfundisha nyumbani, kwa vijiti, kwa maharage, kwa vifuniko vya soda. Nikimwambia tisa toa nne, anajibu kumi na tatu, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nikadhani ni ukaidi. Jirani yangu mshonaji akasema apimwe macho. Kaka wa mtoto, ambaye hakuna jambo asiloligeuza mzaha, akasema, "Mama, huyu tumfungulie benki. Ukitoa, zinaongezeka." Tulicheka wote, mtoto akatuangalia mmoja mmoja, akaenda kulala bila kula. Sikumwita arudi mezani, nikamfuata na sahani.

Mwalimu Mfuniko naye alikuwa amejaribu kila alichojua. Alikuwa akija kwangu kila siku shule ikifungwa, anakaa meza ya ukutani, anachovya mkate kwenye chai kwa utaratibu kama anayetia saini. Nikawa namwangalia usoni kutafuta habari. Hakunipa. Alisema tu kwamba mtoto hakosei ovyo, anakosea kwa mpango, na kwamba mtu anayekosea kwa mpango kuna kitu anakijua.

Siku moja tulikuwa hivyo, yeye na chai yake, waashi wakaingia kwa mkupuo wametapakaa saruji. Mezani nilikuwa nimeshapanga vikombe sita, nikaona havitoshi. Mwanangu alikuwa kule nyuma kwenye kabati la vyombo. Nikamwambia kwa sauti atoe vikombe vinne. Akatoa, akavileta, akavipanga pembeni ya vile vingine.

Mwalimu akauweka mkate chini.

"Mama," akaniambia, "hapa mezani vilikuwa vingapi?"

"Sita."

"Na sasa?"

"Kumi, mwalimu. Kwani kuna tatizo?"

"Ulimwambia afanye nini?"

"Nilimwambia atoe vinne."

Sijawahi kumwona mtu yule akicheka vile. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa tai. Waashi nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, nimeshika birika, nikadhani ananicheka mimi. Aliponyamaza akasema mtoto hana kosa, sita toa vinne ni kumi, ameona kwa macho yake.

Ndipo ikaniingia. Tangu alipoanza kutembea, mwanangu alikuwa amesikia neno hilo kinywani mwangu mara nyingi kuliko jina lake. Toa sahani, toa sukari, toa viti nje. Na kila alipotoa, mezani palijaa.

Nikafurahi haraka. Nikamwambia mwalimu basi jambo ni dogo, asiseme toa, aseme punguza. Akatikisa kichwa. Akasema mwaka huu atasema punguza, mwaka ujao mtoto atakutana na mwalimu mwingine atakayesema toa, na yeye hawezi kumfuata darasa hadi darasa akimtafsiria. Akainuka na mikono yake nyuma, akaenda mpaka kabatini, akaomba mlango ufunguliwe. Nikaona aibu, maana ndani palikuwa na vikombe visivyo na masikio.

"Binti," akamwambia, "mama yako akisema toa, wewe unatazama wapi?"

"Mezani."

"Mimi nikisema toa, tazama humu. Vilikuwemo vingapi, vimetoka vingapi, vimebaki vingapi. Meza niachie mimi."

Mtoto akatazama kabati, akamtazama yeye. "Kwa hiyo wewe hutaki chai?"

"Sitaki chai. Nataka kujua vilivyobaki."

"Mbona hukusema?"

Mwalimu akafunga mlango wa kabati. Akasema, "Nilidhani nimesema."

Tangu siku ile kabati langu halikupumzika. Mtoto alifungua, akahesabu, akafunga, akafumba macho, akafungua tena kuhakikisha. Bawaba ya chini ikalegea. Kaka yake akaikaza kwa waya, na safari hiyo hakutania. Mimi nilijizuia kuuliza umefikia wapi, nikashindwa, nikauliza kila jioni.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule, wazazi waliruhusiwa kusimama madirishani. Nilimwachia mshonaji kibanda nikaenda. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha watoto, magoti juu. Siku hiyo, Mwalimu Mfuniko alisema, kila mtoto atashika kijiko zamu yake, hakuna kujificha nyuma ya wenye mdomo. Nilijua amelisema kwa ajili ya nani. Safu ya mwanangu nayo ilijua. Kulikuwa na mtoto wa mshonaji katika safu ya jirani, ulimi wake mkali kama mkasi wa mama yake, akawaambia, "Mkimpa Kimya kijiko tu, mmekwisha." Hakuna aliyembishia.

Mchezo ulikuwa mkali. Safu zilipishana pointi moja moja. Watoto walitoka jasho, mmoja akagonga kwa nguvu mpaka mfuniko ukaanguka na kuviringika chini ya meza, ukafuatwa na darasa zima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu waliobaki kabla ya mwanangu.

Zamu ikafika. Bahati nzuri safu yao ilikuwa na ule mkubwa wa alumini. Mwalimu hakubadilisha sauti wala hakumwangalia zaidi ya alivyowaangalia wengine.

"Thelathini na mbili, toa kumi na tano."

Mwanangu akagonga. Mfuniko ukaanza kuimba. Akafumba macho. Halafu, mbele ya watu wote, akanyoosha mkono akavuta kitu hewani, taratibu, kama mtu anayefungua mlango ambao bawaba yake imelegea. Darasa likaangua kicheko. Yeye hakusikia. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Mlio ukapungua, ukawa uzi, ukakatika.

"Kumi na saba," akasema.

"Jibu ni sahihi," mwalimu akasema. "Mlio umeshakata. Pointi hakuna."

Safu yake ikaguna kwa uchungu. Mtoto wa mshonaji akapiga makofi. Na mimi pale dirishani damu ikanipanda. Mtu huyu alikuwa amekaa kwenye meza yangu, ameingiza kichwa kwenye kabati langu, anajua mtoto amefikia wapi, halafu anashindwa kumpa hata sekunde. Hata mwalimu mkuu aliona ni ukali. Akasema kutoka kule nyuma kwamba huyu angepewa tu, ni mchezo.

"Nikimpa atajua nimempa," Mwalimu Mfuniko alimjibu. "Pointi amekosa. Hesabu amepata. Ni vitu viwili, na wewe hukuja hapa kwa ajili ya pointi."

Mwalimu mkuu akamwita mwanangu kwa sauti yake ya upole, akamwambia asimame palepale, asigonge chochote. Hamsini toa ishirini na sita. Mkono ukanyooka tena, mlango ukafunguliwa tena hewani. Mara hii hakuna aliyecheka, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa anatazama. Nilishika nondo za dirisha mpaka vidole vikauma.

"Vimebaki ishirini na nne."

"Vimebaki nini?"

"Vikombe."

Mwalimu mkuu akamgeukia Mwalimu Mfuniko kuuliza vikombe gani. Yeye alikuwa anaangalia dari. Mwalimu mkuu akamuuliza mtoto nyingine, na nyingine, zote za kutoa, na kila mara vikombe vilibaki idadi inayotakiwa. Mwisho akainuka kwa shida kutoka kwenye kile kiti kidogo, akaja mpaka dirishani nilipokuwa. Akaniambia huyu anapanda. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema mama, nimekwambia anapanda. Nikamuuliza tena.

Siku hizi shule ina ukuta mrefu na geti la chuma, sioni lolote, nasikia kengele ya umeme tu. Walimu wa sasa ni wazuri, sina neno. Lakini Ijumaa mchana, saa zile, bado mkono wangu husimama na birika hewani nikisubiri kitu kisichokuja.

Baada ya likizo ile, mwaka mpya ulipoanza, siku ya kwanza, nilikuwa mlangoni pa kibanda nimemkazia macho mwanangu akivuka. Alipita geti la miti, akaenda moja kwa moja mpaka darasa la tatu kwa mazoea, akaweka mkoba kwenye dawati lake la zamani. Kupitia dirisha nilimwona Mwalimu Mfuniko anamwendea, anainama, anamwambia jambo. Mtoto akaganda. Alidhani amefukuzwa, aliniambia baadaye, alidhani wamebadilisha mawazo. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilikuwa nimeshatia mguu barabarani.

Mwalimu akauchukua ule mkoba mwenyewe. Ndiyo siku pekee nilipomwona akitembea bila mikono nyuma. Akatangulia, mtoto akamfuata, wakapita mlango wa kwanza, wakafika wa darasa la nne, akauweka mkoba kizingitini na kumwonyesha ndani kwa kidevu. Hakumpapasa kichwa. Mwanangu akaingia. Yeye akageuka kurudi kwake, ambako kulikuwa na kelele za watoto wapya waliokuwa wamekwisha kuona mifuniko ukutani na walikuwa wanagombea kijiko. Akarudisha mikono nyuma, akaingia, akafunga mlango.