Kwaya Iliyovunjwa na Baraza

Hadi leo nikinusa uji ulioungua, namkumbuka Baba akihutubia. Miaka ya hamsini, kule Mutuini, kijiji chetu na kile cha ng'ambo ya mto vilikuwa na baraza moja la muungano na shule moja. Wazee wakagombania uenyekiti, na Baba, mwenye sauti ya kuamsha kuku, akatangaza: "Sisi tumetoka! Na vitu yetu yote tunabeba!" Chetu pale shuleni kilikuwa sufuria kubwa ya uji tu. Mwiko na kuni vilikuwa vyao. Sisi watoto tukahamia kanisani, ikawa ndiyo shule yetu, tukanywa uji uliokorogwa kwa mpini wa jembe, juu maji, chini ukoko ulioungua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: mbwa wa kijiji walinenepa kwa uji tuliomwaga.

Lakini uji haukuniuma kama kwaya. Mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha wimbo, na mashindano ya shule yalikaribia, katika ukumbi mmoja mjini. Kwetu mmoja huanzisha, wengi huitikia, na kumnyima mwimbaji kiitikio ni kumtukana. Waitikiaji wote wa sauti nzito walikuwa wa ng'ambo, wakiongozwa na Barasa, mwana wa seremala aliyetoka magharibi. Nililia sana.

"Wacha kulia," Baba akasema. "Sauti nzito hata sisi tuko nayo." Akawaamuru wavulana wetu wadogo waimbe kwa tumbo. Wakalia kama vifaranga wenye mafua.

Siku ilipofika nilisimama jukwaani. Nikaanzisha. Vifaranga wakakohoa. Nikaanzisha tena, nikatamani ardhi inimeze. Ndipo Barasa akaitika kutoka benchi la nyuma, ambako kwaya yao ilingoja zamu, na wenzake wote wa ng'ambo wakamfuata, kwa kuwa hawakuweza kuuacha wimbo ukining'inia. Baba akainuka kuwafokea, akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa kiitikio. Waamuzi walituondoa sote kwa kuchanganya shule. Jumatatu Baba aliibeba sufuria kichwani hadi ng'ambo, akiapa kwamba anaipeleka kusuguliwa tu. Haikurudi, nasi tukaifuata.

Siku hizi pande zote mbili za mto ni nyumba za kupanga, na vijana hawajui mpaka ulipita wapi. Redioni bado wapo wanaonguruma kwamba wanajitoa. Mimi huizima, nikakoroga uji wangu na kuanzisha ule wimbo, na kabla sijavuta pumzi mtu huitika kutoka sebuleni. Ni Barasa, mume wangu. Basi namsikiliza, na uji unaungua.