Sumad ya Adeer Nuur

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa beseni la maji, kibano na karatasi iliyochapishwa nyota tatu. "Toa moja uibandike kwenye kijiko bila kuipasua," akasema. Nilipasua zote tatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchora mabango ya maduka Griftu kwa miaka miwili, nikajiona fundi.

Wengi hapa Garissa hawakuamini kuwa kazi yetu ilikuwepo. Kuna watu, hasa ng'ambo, wanaounda ndege ndogo za plastiki za kuweka kabatini. Kila kisanduku huja na stika zake, lakini wenye macho makali hununua nyingine, zilizochorwa kwa kufuata ndege moja iliyoruka kweli. Hizo ndizo tulizochapa. Meneja alipenda jeti za mwanzo, zile zenye tundu la hewa puani. Stika ya maji ni wino juu ya karatasi yenye gundi. Ukiilowesha, gundi huyeyuka na picha huteleza hadi mahali pake. Tulianza na wino mweupe, tukafuatisha rangi nyingine, tukamalizia na vanishi. Jua likipanda wino ulikauka ndani ya skrini, kile kitambaa chembamba cha kupitishia wino, kwa hiyo tulianza mara tu baada ya swala ya alfajiri.

Baadaye nilipelekwa Nairobi kujifunza kwa Msimamizi wa Michoro, mama mkali aliyevaa lenzi shingoni. "Anayenunua hii ana picha ya ndege mezani," aliniambia. "Usichokiona, uliza. Usibuni." Nilirudi Garissa nikiwa Mchoraji Mkuu, na kauli hiyo niliwarudishia wengine kila wiki.

Ndipo akaja Adeer Nuur, yaani Ami Nuur, mzee wa Sangailu. Ujanani alikuwa fundi wa ndege Aden. Alileta picha aliyoifunga kwa kitambaa: jeti ya fedha, yeye amesimama kando, na chini ya dirisha la rubani alama ndogo nyeupe.

"Hiyo ni nini?" Meneja akauliza.

"Sumad yetu," mzee akajibu. "Chapa ya ngamia wetu. Rubani alisema, Nuur, ndege hii ni yako kuliko yangu, itie alama. Nikaitia."

Meneja alicheka kwa furaha. Jeti yenye chapa ya ngamia! Akaniambia niichore.

Kwenye picha alama ilikuwa ndogo kama punje, lakini ilionekana: mstari na nusu duara. Chapa ya kwetu nyumbani ni mstari na vistari viwili vifupi kama vidole. Ngamia wa baba yangu walikuwa wameisha kwa ukame, na chapa yetu haikuwa tena juu ya mnyama yeyote. Nilishika kalamu nikijua ninachofanya. Nilichora ya kwetu.

Meneja hakujua tofauti. Wanunuzi nao wangejuaje? Karatasi zilisafiri ng'ambo.

Mzee alirudi kuchukua ndege ndogo ya plastiki ambayo Meneja alimwahidi na kuiunda mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza machoni.

"Waryaa," akaniita kwa Kisomali, ili Meneja asielewe. "Hii ni ya nani?"

"Adeer, picha ilikuwa na ukungu."

"Usiniambie ukungu. Nimenywesha ngamia kisima kimoja na baba yako. Hii ni yenu."

Nilisema tutarekebisha. Nilisema skrini imeshaoshwa, nikasema uamuzi ni wa Meneja. Yote uongo. Mwishowe nikamwambia ukweli wa ukame, nikidhani atanihurumia.

Alinitazama. "Na wangu unadhani wako wapi?"

Meneja aliuliza mzee anasema nini. Nikajibu, "Anashukuru." Adeer Nuur, aliyejua Kiswahili vizuri kuliko mimi, alisikia. Aliifunga ndege kwa kile kitambaa, akatoka bila kuaga.

Kwetu, kutia chapa yako kwenye ngamia wa mtu ni wizi, na wazee huukalia kikao. Mimi sikukaliwa kikao. Niliendelea kufanya kazi, nikasifiwa, nikastaafu kwa chai na mandazi.

Kustaafu kuna saa ndefu. Mwaka jana nilichora ile alama upya, mstari na nusu duara, nikaichapa mwenyewe kwa skrini kuukuu, nikaenda Sangailu. Adeer Nuur alikuwa ameshazikwa. Binti yake, Halima, aliitoa ile ndege sandukuni. Chini ya dirisha la rubani palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe, taratibu, bila kugusa rangi ya fedha.

"Baba aliacha hapo wazi," akasema. "Alisema aliyekosea ni fundi, siku moja hatavumilia kosa lake, atarudi."

Nililowesha stika kwenye bakuli. Nilipotaka kuibandika, alinizuia mkono. "Nionyeshe tu. Nitaiweka mimi." Aliitelezesha kwa kidole, akakandamiza maji yatoke kwa ncha ya ushungi wake. Haikupasuka.

Kisha akanigeukia.

"Na zile zilizokwenda ng'ambo, adeer?"

Ziko makabatini mwa watu nisiowajua, zote zina chapa ya baba yangu. Niliinamisha kichwa juu ya lile bakuli la maji.