Sanduku la Dada na Ulimi wa Kibanda

Kibanda chenyewe tulikifuata Sulay, pembeni ya Riyadh, huko kwenye maghala anakofanya kazi mwanangu. Ni nyumba nzima juu ya magurudumu, nyeupe, ina kitanda, jiko la gesi la macho mawili, dirisha lenye pazia la maua, na choo kidogo ambacho miye kwa mwili wangu huu naingia ubavuubavu. Wenyewe wanaita karavani. Miye nikaita kibanda toka siku ya kwanza, na sasa nyumba nzima wanaita kibanda. Hata mwanangu akizungumza na mafundi wa Kiarabu mara nyengine linamponyoka, anasema kibanda, wale wanamkodolea macho.

Hatukukitafuta kwa starehe. Tulikitafuta kwa ajili ya dada yangu.

Dada yangu anakaa Jeddah, Baghdadiya, ghorofa ya tatu, nyumba ileile tuliyofikia na wazee wetu tulipotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne. Miye nilikuwa na miaka sita, yeye keshakuwa mwali. Mama hakuishi sana baada ya hapo, basi Dada ndiye aliyenilea. Kaniosha, kanisuka, kanipiga, kaniozesha. Nilipozaa, watoto wangu wote kawapokea yeye, na siku zote arubaini alikuwa akinisinga kwa liwa, ule msandali unaousugua juu ya jiwe kwa maji ya waridi mpaka unatoka uji wa manukato, halafu unawapaka mama na mtoto. Ana jiwe lake la kusugulia, kalirithi kwa mama, na mama kalitoa Unguja. Wajukuu zangu vilevile, wote wamepita katika mikono yake na jiwe lile.

Halafu mwanangu akapata kazi Riyadh, akanichukua, tukahamia mtaa wa Murabba. Na mwaka huu mjukuu wangu wa kike, binti ya huyo mwanangu, akajifungua mtoto wa kike. Kitukuu changu cha kwanza. Katika ukoo wetu ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa Dada hayupo.

Nikampigia simu nikamwambia aje. Akasema atakujaje. Nyonga yake ilivunjika miaka iliyopita, ikaungwa kwa chuma, akikaa kitako zaidi ya saa moja anaumia mpaka machozi. Ndege aliipanda mara moja katika maisha yake, akaapa hapandi tena. Basi la abiria ni kukaa kitako tu kutwa kucha. Akaniambia, "Mpigeni picha huyo mtoto, nitamuona kwenye simu." Akakata. Miye namjua dada yangu, akiwa na uchungu hasemi maneno mengi.

Basi mwanangu akaja na fikra ya kibanda. Gari yetu kubwa, ya viti safu tatu, ina nguvu, inaweza kukivuta. Aliponiambia kuna kitanda ndani, miye sikungoja maneno mengine. Nikamrejelea Dada nikamwambia, "Utalala kitandani kwako kutoka mlangoni Baghdadiya mpaka mlangoni kwetu. Utashuka umenenepa." Akauliza kitanda kina mto wa aina gani. Nikajua kakubali.

Nikamwambia mwanangu. Akanitazama. Akasema, "Mama, humo ndani hakai mtu gari ikienda. Marufuku. Na hata isingekuwa marufuku, nisingemtia." Kumbe raha yote ya kibanda ni kikishasimama. Kinapovutwa ni mzigo tu kama mizigo myengine. Sasa nimeshaahidi. Mtoto ana siku thelathini na mbili, arubaini inakuja, nikimwambia Dada kweli hatoki. Basi sikumwambia. Nikasema tukifika huko Mungu atafungua.

Sulay tulikaa asubuhi nzima kwa fundi. Nyuma ya gari akafunga chuma, juu yake gololi kubwa kama chungwa, na kibanda kwa mbele kina mkono mrefu wenye kikombe kinachokaa juu ya ile gololi. Akatia minyororo miwili ya kujihadhari, akaunga nyaya za taa na za breki. Vioo vya pembeni akaviongeza vyengine virefu, gari ikawa kama punda ana masikio. Ule mkono wa kibanda yule fundi alikuwa akiuita lisani, yaani ulimi. Miye nimekaa kivulini na chupa yangu ya chai, namsikia anamwambia mwanangu kwa Kiarabu kwamba lazima ulimi uwe mzito, ulimi ukiwa mwepesi utaiona taabu yake njiani. Mwanangu akanionyesha kwa kidole akamwambia, wa mama yangu mzito unatosha. Wakacheka wote wawili. Na miye nikacheka, na maneno yenyewe yakanipita hivihivi. Ndipo kosa lilipoanza.

Kwenda Jeddah kilikuwa kitupu, kikatufuata kwa adabu kama mwana-kondoo. Mwanangu polepole, mkono wa kulia, malori yanatupita. Gari inakunywa petroli kama ngamia, kila kituo tunaingia. Tukalala njiani, tukafika.

Baghdadiya ndipo palipokuwa na tamasha. Vichochoro vya kule vinajulikana. Mwanangu akataka kurudisha kinyumenyume karibu na mlango wa Dada, na kibanda ukikirudisha nyuma kina ukaidi: ukigeuza usukani huku chenyewe kinakwenda kule. Watu wakatoka madukani. Myemeni anasema kulia, Mhindi anasema kushoto, mama mmoja wa Kikenya anayefanya kazi jengo la jirani kasimama na ndoo yake anasema, "Baba, wacha hapo hapo, utaangusha ukuta wa watu." Mwanangu akamsikiliza yeye. Akaegesha barabara kubwa, halas, basi, Dada tutambeba mpaka hapo.

Akateremshwa juu ya kiti na majirani wanne, kavaa baibui jipya, kajifukiza udi, kakaa juu ya kile kiti kama bibi harusi. Na nyuma yake linashuka sanduku. Sanduku la mbao la zamani, la njumu za shaba. Wanaume wawili wamelishika na wanatweta. Nikamuuliza Dada kuna nini humo. Akasema jiwe, kinu na mchi wake, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria, na vitu vyake. Nikamwambia sufuria zipo Riyadh. Akanambia, "Mimi siendi kwa watu mikono mitupu kuwapaka mtoto wao kwa jiwe la kuazima."

Mwanangu kaenda kujaza upepo magurudumu na kutazama taa. Kasimamia nani upakizi? Miye. Nataka Dada apate nafasi ya kunyoosha miguu, basi nikasema sanduku lipelekwe nyuma kabisa, chini ya dirisha, na juu yake pakiti za mchele, na jerikeni za maji ubavuni. Mbele nikaacha peupe, nikatandika mkeka. Pamependeza. Mwanangu akarudi akauliza, mizigo sawa? Nikajibu sawasawa kabisa.

Dada akaingia, akajaribu kitanda, akajilaza, akashusha pumzi. Mwanangu akachungulia mlangoni, akaniangalia miye kwanza. Akasema kwa upole, "Mama mkubwa, twende mbele kwenye gari."

Dada hakuinuka. Akageuza shingo kwangu. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya, Dada."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ileile."

Akatazama dari. Miye nimesimama mlangoni, mwanamke wa miaka yangu, na kitukuu, nafinyanga ncha ya mtandio kama siku niliyovunja birika la mama. Mwanangu ndiye aliyesema. Akamwambia tutakwenda siku mbili, hata tatu. Kiti cha mbele atakilaza na kukijaza mito, na kila nusu saa ikipita tutasimama, ashuke, alale kitandani mpaka aseme yalla, twende. Hatuondoki mpaka yeye aseme yalla. Dada akauliza, "Na nisiposema?" Mwanangu akajibu, basi tutahamia jangwani.

Akacheka kidogo puani. Akaomba mkono.

Tukapandia njia ya Seili, ile ya malori, maana ile ya Hada, ya kupandia mlima, ina makona makali na magari kama yetu hayapiti. Kweli tulisimama. Kila kituo Dada anashuka, analala, miye nachemsha chai kwenye lile jiko la macho mawili, anakunywa, anaulizia habari za mtoto: pua ya nani, anacheua, analia sauti gani. Halafu anasema yalla. Miye nikaona mambo yamenyooka.

Tumeshaipita Taif, tuko kwenye tambarare, upepo unakuja wa ubavuni. Lori likatupita kwa kasi. Nikahisi gari inavutwa nyuma, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena zaidi. Nikatazama kioo. Kibanda kinatikisa mkia kama mbwa kamuona bwana wake. Miye nikashika dua. Mwanangu hakukanyaga breki, Mungu amuweke. Akaondoa mguu kwenye mafuta, usukani kaushika tu hapigani nao, na mkono mmoja akabana kile kidude kinachoshika breki ya kibanda peke yake. Kikatulia. Tukatoka pembeni tukasimama. Shati lake limerowa mgongoni na ni majira ya baridi.

Tulipokwenda tena kidogo, kikaanza tena. Tukaingia kituo cha mafuta. Akazunguka, akapiga teke gurudumu, akatazama minyororo, haoni kitu. Akaja dirishani kwa Dada. "Mama mkubwa, siwezi kukupeleka hivi. Sanduku zito hili, turudi tuliache Taif kwa rafiki yangu, nitalifuata wiki ijayo. Ama turudi Jeddah."

Wiki ijayo arubaini imeshapita.

Dada akasema, "Sanduku likibaki, nabaki nalo." Hakupandisha sauti. Miye nikajua kashasema. Tukamshusha kwenda kulala, mwanangu kakaa juu ya jiwe kashika kichwa, na miye najiambia nimemtoa bibi wa watu kitandani kwake kuja kumrudisha katikati ya safari.

Dada akaingia kibandani, akasimama na mkongojo wake, akatazama. Akauliza, "Huu mzigo kapanga nani?"

Nikasema miye, nimeweka nyuma ili yeye apate nafasi.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikadhani kapandwa na homa. Akanambia, "Mdogo wangu, humkumbuki hamali wa Darajani?"

Wallahi nilikuwa sijamkumbuka zaidi ya miaka sitini, na pale pale kanijia mbele ya macho. Baba alinunua magunia ya mbata soko la Darajani, Unguja, wakaita hamali na rikwama, lile gari la mti la magurudumu mawili, mtu anashika mikono ya mbele anavuta. Waliopakia wakarundika magunia yote nyuma. Hamali aliposhika mikono, rikwama ikainuka mbele na yeye juu, miguu inachezacheza hewani, mikono haachi. Soko zima lilicheka. Miye nilicheka mpaka nikajikojolea na Dada akanibeba nyumbani. Na yule hamali alipoteremshwa akawatukana kwanza, halafu akapanga magunia upya, mazito mbele kidogo ya gurudumu, mikono ikamlalia kiganjani vizuri, akaondoka anaimba.

Dada akagonga sakafu kwa mkongojo. "Gari yenu imebebwa juu juu kama yule hamali. Leteni sanduku mbele."

Nikatoka mbio, miye na magoti yangu, nikamwambia mwanangu, ulimi! Yule fundi alisema ulimi uwe mzito! Akainuka juu ya jiwe kama kachomwa. Akajipiga kipaji. Hakunambia neno baya, alisema tu, "Mama, na mimi nilikuuliza sawa, ukanambia sawasawa kabisa." Wakaja madereva wawili wa malori wakamsaidia, wakavuta sanduku mpaka mbele kidogo ya magurudumu, na mchele na maji papo hapo, wakafunga kwa kamba. Nafasi ya kunyoosha miguu ikaisha. Dada akisema apite, anapita ubavuubavu kama miye chooni.

Akajilaza juu ya kitanda, miguu kaiweka juu ya sanduku lenyewe. Akakaa hivyo kitambo, sisi tunangoja nje. Halafu tukasikia kutoka ndani, "Yalla."

Malori yakatupita, upepo ukaja, kibanda hakikutikisa hata sikio. Tulifika Murabba siku ya tatu mchana, mtoto ana siku thelathini na tisa. Dada hakuomba maji wala chakula. Akasema lifunguliwe sanduku. Kesho yake akasugua liwa juu ya jiwe la mama, ukumbi mzima unanukia, akampaka mjukuu wangu, akampaka na mtoto tumboni na utosini, na yule mtoto, ambaye kwa kulia alikuwa hatupi usingizi, katulia anamtazama tu.

Sasa mwezi wa pili huu. Nyumbani kakataa chumba, analala kibandani, uani, anasema kina mto mzuri. Juzi mwanangu kamuuliza kwa adabu, Mama mkubwa, lini ungependa tukurejeshe Jeddah. Dada alikuwa kampakata mtoto. Akasema, "Sanduku nimeshalishusha. Ulimi utakuwa mwepesi, gari itatikisa mkia."

Mwanangu akasema sanduku anaweza kulipakia tena.

"Nani kakwambia linarudi?" Dada kamjibu, na akaomba chai.