Koti Chini ya Kitenge

Kwa watu wa mume wangu, huko Bukiriro, bibi harusi hatoki nje mpaka ndugu zake waje kumtoa. Anakaa chumbani, analishwa vizuri, hashiki jembe, na wageni wakija kumtazama anajifunika kitenge kichwani na kunyamaza. Nilielezwa haya kabla ya ndoa, nikaitikia huku nikicheka. Nilidhani ni likizo.

Kwetu ni Biharamulo mjini, na huko watu walinijua kwa mavazi. Fedha sikuwa nazo, ila kuchagua nilijua. Gauni langu moja la maana, kazi ya mbunifu wa Dar es Salaam, nililipata kwa kujinyima sana. Juu yake nilivaa koti refu la mtumba, la rangi ya ugoro, nililoligombania robota lilipofunguliwa. Ndani nilitanguliza sweta jepesi la shingo ndefu, la bei poa, yale yanayotandikwa chini mnadani. Unaanza na chepesi, unamalizia na kizito, na kila nguo unaiachia nafasi ya kuchungulia kidogo. Aliyenitazama hakujua kipi ni cha ghali na kipi ni cha mnadani, na mimi sikumwambia.

Basi nikafungiwa chumbani na sanduku zima la nguo. Ndugu zangu walikuwa waje mapema, lakini baba mkubwa akaugua, safari ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Mume wangu alirudi kazini, akawa anakuja mwisho wa wiki tu. Mchana nilifunga mlango, nikavaa, nikapanga, nikapangua. Kioo kilikuwa cha mkononi, kwa hiyo nilijitazama vipande vipande: shingo, kiuno, pindo. Nikisikia hatua, kitenge kinarudi kichwani. Wageni walinisifu kwamba nimetulia. Uongo mtupu, nilikuwa nimekasirika.

Mama mkwe hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu mbaya unamnunia ukapumua. Huyu aliniletea maziwa asubuhi na jioni, akakaa nami mpaka niyamalize.

"Mama, naomba nikaote jua kidogo hapo uani," nilimwambia siku moja.

"Jua lipo tu, mwanangu. Siku yako itafika."

Hapo nikaanza kuogopa. Niliona kwamba vile watakavyoniona siku ya kutolewa ndivyo watakavyonichukulia maisha yangu yote pale. Nikitoka kama mwali mpole wa kitenge, basi huyo ndiye watakayemjua, na yule wa Biharamulo atakuwa ameishia chumbani. Nilitaka wanione mimi.

Ndugu zangu walipofika hatimaye, nilivaa vyote: sweta, gauni, koti, na mkanda juu yake. Kisha nikajifunika kitenge kuanzia utosini mpaka miguuni. Jasho lilinitiririka mgongoni. Wakaniketisha mkekani uani, mbele ya ukoo mzima, na shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye kazi ya kunifunua, akakivuta kitenge.

Koti lilikaa vizuri begani, gauni lilichungulia chini yake, shingo ya sweta ilisimama sawasawa. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona uso wa kila mtu, na kila mtu aliuona wangu. Wifi yangu mdogo akatabasamu. Nilifurahi, nikanyoosha mgongo koti lionekane vizuri.

Mama mkwe akanyanyuka polepole, akaja, akapapasa kola ya koti. Nilingoja aniseme. Badala yake akawageukia watu kwa upole wake uleule.

"Mtoto wa watu anasikia baridi ya huku kwetu, na sisi hata hatukumuuliza."

Akavua kitenge chake mwenyewe, kipya, alichojitanda kwa ajili ya sherehe, akanizungushia mabegani juu ya koti, juu ya kila kitu. Vigelegele vikapanda. Shangazi yangu alilia kwa furaha, akasema nimepata mama.

"Umepata joto sasa, mwanangu?"

Nilimjibu kwamba nimepata. Alilifunga fundo kifuani kwangu kwa mikono yake, akalikaza, na mbele ya watu wote wale waliokuwa wakishangilia sikuweza kulifungua.