Mistari kumi na minne kwa ajili ya mzee Eligio

Saa sita na robo mchana umeme unarudi, na mtaa mzima unashangilia. Idalmis Verdecia hashangilii. Amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa mzee Eligio Fonseca, anaitazama kompyuta kuukuu ikiwaka.

Bila kuguswa na mtu, herufi zinakuwa kubwa, sauti inapanda, kisha simu ya video inaanza kuita.

"Umeona? Sijagusa kitu!" mzee anasema.

"Na usiguse, mzee wangu. Utaniharibia."

Idalmis, 52, alikuwa karani wa kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa. Siku hizi anazunguka mji wake wa Bayamo kwa baiskeli akiandika skripti, yaani mistari michache ya maagizo ambayo kompyuta hujisomea kila inapowaka, ili mwenyewe asihangaike kupanga kila kitu upya. Malipo ni peso mia tano. Asiye nazo hutoa mihogo.

Umeme huwaka kwa saa tatu au nne tu kwa siku, na mikono ya mzee Eligio, mwenye miaka 79, inatetemeka. "Kabla sijakipata kile kitufe cha kupiga simu, giza," anasema. Miezi mitano ilipita bila kuiona sura ya bintiye Marelis, anayetunza wazee Hispania.

Idalmis akamwandikia mistari kumi na minne. Wa mwisho ulimpigia Marelis.

Alisahau kwamba umeme wa Bayamo hauji ukatulia. Jumanne moja ulikatika na kurudi mara sita. Simu ya Marelis ikalia mara sita akiwa kazini, na kila alipopokea, ikakatika. Akaamini baba yake yu mahututi. Akaliacha bakuli la supu mezani, akampigia Idalmis huku analia.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," Idalmis anakumbuka. "Nikamwambia, mdogo wangu, nisamehe, kosa ni langu. Leo hii nautoa huo mstari."

Marelis akauliza:

"Kwa hiyo inalia kila umeme ukirudi kwa baba?"

"Ndiyo."

"Basi usiutoe, dada. Ikilia, nitajua feni yake inazunguka."

Idalmis aliongeza agizo moja tu: kompyuta isipige kama Hispania ni usiku.

Sasa Marelis anatokea kwenye kioo, aproni kifuani.

"Baba, umekula?"

"Wali na maharage. Mbona umekonda hivyo?"

"Umejuaje, na miwani hujavaa?"

Idalmis anaingia jikoni na kuosha kikombe ambacho tayari ni safi.

Ameshahudumia nyumba thelathini na saba. Kila nyumba anaiandikia daftari linaloeleza maana ya kila mstari, na kuanzia Septemba atafundisha kuandika skripti kila Jumamosi barazani kwake. Tisa wamejiandikisha, wanane kati yao wamepita miaka sitini.

Je, haogopi kupoteza wateja?

"Ndicho ninachotaka," anasema. "Siku moja waniite kunywa kahawa tu, bila mtu kuniambia kuna kitu kimeharibika."