Geti la Mwana Mpotevu

Leo nimefungiwa somo katikati na maombi! Watu wa Meru, mnisaidie kucheka.

Nilikuwa kanisani Kaaga nikijaribu mbele ya vijana somo nitakalofundisha kwenye kambi yao. Wakichoka nalo, anatafutwa mnenaji mwingine wa kambi.

Nikasimulia kisa cha mwana mpotevu kana kwamba ni kijana wa hapa kwetu Kangeta: ameuza sehemu yake ya shamba la miraa, pesa zimeisha, amerudi, amesimama getini kwao.

"Fumbeni macho, mwoneni."

Mama Makena, mlezi wa vijana, akadhani nimemaliza, akaanza kuomba: "Baba, asante kwa neno hili fupi…"

Amina! Wote wakakimbilia chai.

Nikajua kambi nimeikosa.

Kisha msichana mmoja, kikombe mkononi: "Anko, kwani babake alimfungulia?"

Wakarudi wote!

"Mtasikia kambini," nikasema.

Mama Makena akaweka chapati chini. "Kambini utaenda. Lakini hilo geti tufungulie leo!"